Wadudu Wasioonekana: Watoto na Maradhi ya Kuambukiza Afrika Mashariki

Katika miaka ya mwisho ya vita dhidi ya ndui, watu waliotumwa kuusaka ugonjwa huo walitembea na kadi ndogo mkobani. Ilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, na juu yake palikuwa na picha ya rangi ya mtoto aliyejaa malengelenge usoni, mikononi na miguuni. Msakaji aliyefika kijijini hakuishia kwa mzee wa kijiji wala sokoni. Alikwenda pia shuleni. Aliiinua kadi mbele ya darasa ili hata waliokaa nyuma waione, akauliza: nani amemwona mtu mwenye upele kama huu? Njia hiyo ilishika mizizi Indonesia mwishoni mwa miaka ya 1960, ikatumika India na Bangladesh, ikafika Ethiopia na Somalia. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Darasa moja hukusanya watoto wa vitongoji vingi, na mtoto huingia nyumba ambazo mgeni haingii. Hucheza uani, hutumwa chumvi kwa jirani, hujua nani hajaonekana nje wiki nzima. Palipokuwa na familia zilizowaficha wagonjwa wao kwa kuhofia kutengwa, jicho la mtoto lilikuwa miongoni mwa vyombo bora vya upelelezi vilivyokuwapo.

Kwa upande wa pili kuna kisa cha Merca, Somalia, Oktoba 1977. Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alikuwa mpishi katika hospitali ya mji huo. Alipanda gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia, safari ya dakika chache tu. Hakuwa na chanjo, na miaka mingi baadaye alieleza kwamba aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipopata homa alitibiwa kwanza malaria. Upele ulipotokea ukaitwa tetekuwanga, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Ilikuwa ndui, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida ya maambukizi. Tofauti ya maradhi hayo mawili haihitaji darubini. Ndui hujaa zaidi usoni, mikononi na miguuni, na vipele vyake vya sehemu moja huiva pamoja. Tetekuwanga hujaa zaidi kifuani na mgongoni, vipele vingine vikichomoza wakati vingine vinakauka. Ni jambo la kumfundisha mwanafunzi wa darasa la tatu kwa muda wa kipindi kimoja, na bado lilipita mbele ya macho ya watu wazima waliokuwa wakifanya kazi hospitalini.

Nayaweka matukio haya mawili bega kwa bega kwa sababu yanaugusa moja kwa moja mtazamo uliokita kwetu, kwamba mtoto hawezi kuuelewa ugonjwa wa kuambukiza, na kwa hiyo kinachomfaa ni amri: nawa, usiguse, usikaribie, usiulize. Dai langu ni kwamba mtazamo huo una historia yake, na historia hiyo haiuungi mkono. Katika magonjwa makubwa yaliyopita eneo letu ndani ya nusu karne, akili ya mtoto haikuwa imepungukiwa. Kilichopungua ni maelezo. Hata ile kadi ya ndui, kwa sifa zake zote, iliyaomba macho ya watoto tu. Waliombwa waseme walichokiona. Kueleweshwa ndui inatoka wapi na inapitaje kutoka mtu hadi mtu halikuwa lengo la ziara ile.

Dhana ya kutoelewa kwa mtoto ilipata nguvu ya kitaalamu mwaka 1932, mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alipochapisha utafiti wake kuhusu maadili ya watoto. Aliwasimulia watoto kisa cha mtoto aliyeiba matofaa, akakimbia, akapita juu ya daraja bovu, daraja likavunjika akatumbukia majini. Je, asingeiba, angetumbukia? Wengi wa watoto wadogo walijibu kwamba asingetumbukia. Piaget aliona hapo imani kwamba ulimwengu wenyewe humwadhibu mkosaji. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kusema kwamba mtoto mdogo huuona ugonjwa kama adhabu. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Roger Bibace na Mary Walsh, waliwahoji watoto 72 wa miaka 4, 7 na 11, wakapanga uelewa wa ugonjwa katika ngazi zinazofuatana na umri, maelezo ya utendaji wa mwili yakikaa ngazi za juu ambazo mtoto mdogo hazifikii. Ngazi hizo zilivuka mipaka ya vyuo vikuu. Mwalimu au muuguzi anayeamini kwamba mtoto wa miaka sita hajafika ngazi ya kuelewa, hana sababu ya kupoteza muda wake kumweleza.

Lakini swali la Piaget lilihusu daraja na wizi, halikuhusu mafua. Mwaka 1988 Michael Siegal, akifanya utafiti Australia, aliwauliza watoto wa shule ya awali na wa madarasa ya chini kuhusu mambo wanayokutana nayo kila siku. Watoto hao hao waliodhaniwa kuona adhabu kila mahali walikataa kwamba mafua huletwa na utundu, wakakubali kwamba huletwa na kukaa karibu na mwenye mafua. Walijua pia kwamba goti lililochubuka haliambukizi. Hawakuwa na jina la kirusi wala picha yake, ila mpaka kati ya kinachopita kutoka mtu hadi mtu na kisichopita waliuona vizuri. Wakosoaji wa Siegal walisema, kwa haki, kwamba kujua mafua huambukiza hakumaanishi kujua kwa nini. Mtoto anaweza kulitaja neno la vijidudu bila kujua kwamba ni viumbe hai vinavyozaliana. Hoja hiyo naikubali kabisa, na ninaiona ndiyo kiini cha jambo lenyewe: pengo la mtoto liko kwenye kiungo cha katikati, na kiungo hicho hufundishika.

Mtafiti Terry Kit-fong Au na wenzake walilipima hilo Hong Kong, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008. Wanafunzi wa darasa la tatu na la nne waligawanywa. Baadhi walipewa somo la kawaida la mafua, lile la orodha ya fanya hiki na usifanye kile. Wengine walielezwa kwamba kirusi ni kitu kinachohitaji mwili hai ili kizaliane, kwamba kina njia zake za kutoka na njia zake za kuingia, na kwamba kila kanuni ya usafi inaifunga njia mojawapo kati ya hizo. Waliofundishwa chanzo walieleza vizuri zaidi, na hata walipopewa kazi ya kushika chakula mwenendo wao ulikuwa bora kuliko wa wale wa orodha. Utafiti huo ulichunguza pia mawazo ya watu wazima wenye umri mkubwa, kuona kama imani za watoto, ikiwemo ile ya kwamba mafua huletwa na baridi, zilitoka kwao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusafiri hadi Hong Kong kuisikia imani hiyo. Usicheze mvuani utapata mafua. Vaa sweta utashikwa na homa. Mtoto anayeisikia sentensi hiyo kila msimu wa mvua ana nadharia kamili ya ugonjwa aliyofundishwa na wakubwa, na ni nadharia isiyo na mtu mwingine ndani yake. Baridi hatuambukizani.

Lugha yenyewe inadai tuisimamie vizuri zaidi. Kwa vizazi kadhaa tumeviita viini vya maradhi wadudu, au kwa upole zaidi vijidudu. Neno hilo lina faida kubwa, maana linasema kwamba chanzo cha ugonjwa ni kitu hai, na hilo ni nusu ya somo. Ila mtoto anapolisikia anaona miguu, mabawa na kinywa kinachouma. Anamtafuta mdudu kwenye kiganja chake, anakiona kiganja kiko safi, anahitimisha kwamba hakuna mdudu. Mtu mzima anacheka, ilhali mtoto amefuata mantiki ya neno alilopewa. Miaka ya UKIMWI neno lile lile lilitumika mitaani kwa mwenye virusi, kwamba ana wadudu, likabeba fedheha juu ya maana. Mwalimu anayesema wadudu na kusonga mbele hajamaliza kazi. Anayetua dakika mbili kueleza kwamba mdudu huyu hana miguu, hatembei, hubebwa na mate, pumzi, damu au kinyesi, na akikosa mwili wa kuishi hufa, ameitengeneza picha ambayo mtoto ataitumia kufikiria ugonjwa ambao mwalimu mwenyewe hajausikia bado.

Hapa ndipo Kagera inapoingia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa huko mwaka 1983, na kabla ya jina rasmi kufika, ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikipendwa na kuuzwa na wafanyabiashara wa magendo wa mpakani. Uganda waliuita Slim kwa vile ulivyokondesha. Wapo waliosema kwamba wafanyabiashara waliodhulumiwa wamewaroga waliowadhulumu. Sidharau maelezo hayo. Yalitokana na jambo lililoonekana kweli, kwamba waliokuwa wakiugua walikuwa wengi miongoni mwa vijana wa biashara na safari, na yaliujaza utupu ambao tiba ilikuwa haijaujaza. Ila mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati huo alisikia nini nyumbani? Alisikia Juliana, alisikia kuna mkono wa mtu, alisikia mgonjwa anaumwa tu. Kisha akazika. Tukisema leo kwamba watoto wa kizazi kile walikuwa na imani za ajabu kuhusu UKIMWI, ni lazima tuseme pia walizipokea kutoka mikono ya nani.

Utafiti uliofanywa Afrika Kusini unalionyesha hilo kwa namba. Cristine Legare na Susan Gelman waliwahoji watu 366 katika jamii mbili za wazungumzaji wa Kisotho, kuanzia watoto wa miaka 5 hadi watu wazima, kuhusu chanzo cha maradhi, UKIMWI ukiwemo. Matokeo yao ya mwaka 2008 yanafaa kusomwa polepole. Maelezo ya kibaiolojia yalikubaliwa kwa kiwango kikubwa, na maelezo ya kurogwa yaliishi pamoja nayo bila kuyafukuza. Waliotaja kurogwa kwa wingi zaidi walikuwa watu wazima. Hao hawakuwa wajinga wa virusi. Walijua virusi vinaua, wakauliza swali jingine: kwa nini huyu, kwa nini sasa? Kama imani ya uchawi ingekuwa utoto wa akili, umri ungeipunguza. Ngazi zile za miaka ya 1980 zingetabiri hivyo, na hapa hazikutabiri sawasawa.

Kuna pingamizi lenye uzito wa huruma, nalo ni kwamba maelezo humtisha mtoto. Mzazi mgonjwa anayemficha mwanawe anamlinda. Uganda walikuwa na jibu la vitendo. Katika miaka ya 1990 akina mama wa NACWOLA, chama cha kitaifa cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu. Kila kimoja kilikuwa kitabu cha kuandikwa kwa mkono ambacho mama alimwandikia mwanawe, chenye picha, majina ya babu na bibi, siku aliyozaliwa, alipenda kula nini akiwa mdogo, na ndani yake pia habari za afya ya mama. Kukiandika kitabu kulimlazimisha mama amweleze mtoto anaumwa nini, mara nyingi wakiandika pamoja. Hofu ilikuwapo, wala hakuna anayesema haikuwapo. Ila mtoto wa nyumba ile alikuwa ameishi na hofu hiyo tangu siku aliyomwona mama akikonda. Alichopewa na kitabu ni nafasi ya kuuliza. Mtoto asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na maelezo yake mara nyingi humweka yeye katikati ya kosa: nilimkasirisha, ndiyo maana akaugua. Basi ile adhabu aliyoisikia Piaget ipo kweli, nayo hustawi vizuri zaidi palipo na kimya.

Pingamizi gumu zaidi ni la tabia. Elimu ina faida gani ikiwa haibadilishi mwenendo? Wilaya ya Soroti, Uganda, mpango wa elimu ya afya shuleni uliotoa nafasi kubwa kwa mazungumzo ya wanafunzi wenyewe ulipimwa kati ya 1994 na 1996. Wanafunzi wa miaka 14 hivi waliosema wameshaanza ngono walishuka kutoka asilimia 42.9 hadi 11.1, wakati kwenye shule za kulinganisha hapakuwa na badiliko la maana. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa yanategemea watoto walichosema wenyewe. Mwanza, Tanzania, mradi wa MEMA kwa Vijana ulikwenda mbali zaidi kwa ukali wa kipimo. Jamii 20 zilihusishwa, elimu ikatolewa kuanzia darasa la tano hadi la saba, kisha damu ikapimwa. Maarifa yalipanda, mitazamo ikabadilika, lakini maambukizi hayakupungua kwa namna iliyoonekana. Sipendi kulipita jambo hili haraka, kwa sababu wapo wanaolitumia kusema tusijisumbue kuwaeleza watoto. Kipimo cha Mwanza kinasema kitu kingine. Msichana anayejua virusi vinapitaje, na bado hana nauli, hana sare, na anayemtaka ni mtu mzima mwenye fedha, amepewa ujuzi bila uwezo wa kuutumia. Deni hapo ni la watu wazima. Elimu peke yake haitoshi. Wala kukosekana kwake hakujawahi kumlinda mtoto hata mmoja.

Uviko-19 ulipofika Machi 2020 tulirudi kwenye orodha ya amri. Ndani ya siku chache shule zilifungwa Kenya, Tanzania na Uganda. Tanzania zote zilikuwa zimefunguliwa kufikia Juni 29 mwaka huo huo, Kenya watoto wote walirudi Januari 2021, na Uganda baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, hadi shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 10, 2022. Katika kipindi hicho watoto walipokea amri nyingi kuliko wakati wowote unaokumbukwa na wazazi wao: nawa kwa maji tiririka na sabuni, vaa barakoa, kaa mbali na mwenzako, usimwamkie bibi kwa mkono. Kibuyu chirizi kilisimama kwenye nyua za shule hata pasipokuwa na bomba. Ni dumu dogo lililotobolewa, likaning'inizwa kwenye mti uliolazwa, kamba ikashuka hadi kijiti cha kukanyaga, na sabuni ikafungwa pembeni. Unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haugusi dumu. Nakipenda chombo hiki kwa sababu kina somo zima ndani yake. Ukimwuliza mtoto kwa nini kinakanyagwa badala ya kushikwa, jibu ni nadharia ya maambukizi: mkono mchafu ukishika dumu, wa pili atauchukua uchafu wa wa kwanza. Shule iliyokifunga kibuyu bila kuliuliza swali hilo ilipata maji ikaliacha somo.

Orodha ina udhaifu mwingine uliojitokeza katika kipindi hicho. Mwanzoni mkazo mkubwa duniani ulikuwa kwenye mikono, vitasa na matone ya mate. Kadiri miezi ilivyopita ikakubalika kwamba hewa yenyewe ya chumba kilichofungwa, iliyopumuliwa na wengi, ni njia kubwa ya virusi hivyo. Mtoto aliyefundishwa kunawa tu alibaki ananawa ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa. Mtoto aliyeelezwa kwamba virusi hutoka na pumzi angeweza kufika dirishani kabla ya waraka wowote kumfikia. Amri huchakaa sayansi inaposogea. Mwenye kuelewa chanzo husogea nayo.

Najua mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani atasema hana nafasi ya kukaa na kila swali. Ni kweli, na sitamwongezea mzigo kwa maneno matamu. Lakini maelezo ninayoyadai si marefu. Kijidudu kinakaa wapi, kinatokaje, kinasafiri na nini, kinaingilia wapi, kinakufa kwa nini. Maswali matano yanayoandikika ubaoni kwa mstari mmoja mmoja, yanayofaa kipindupindu, surua, kifua kikuu, Marburg iliyoikumba Kagera mwaka 2023, na ugonjwa utakaokuja bila jina. Hayana gharama zaidi ya kuandika amri tano.

Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa wa mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, baada ya aina mpya iliyoanzia Kamituga, Kivu Kusini, kuvuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Kirusi chake ni cha ukoo mmoja na kile cha ndui, na upele wake humjaa mgonjwa usoni na mikononi kama kwenye ile kadi ya zamani. Chanjo ya ndui, iliyowakinga kwa kiasi babu na bibi wa watoto wa leo, haitolewi tena kwa umma tangu ndui itokomee, jambo lililotangazwa mwaka 1980. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walioripotiwa Congo mwaka huo walikuwa watoto wa chini ya miaka 15, na katika miji ya Kivu wengi wao wanazungumza Kiswahili.